Dawa zinazogusa kinga ya mwili zinapoleta mabaka kwenye ngozi: kabla hujaziacha, soma hapa

Ujumbe uliingia saa mbili kasoro usiku, kipindi cha afya kikiwa kimebakiza dakika chache. Aliyeandika ni dada mmoja wa upande wa Mgeta: “Mtangazaji habari za kazi. Naomba usitaje jina langu. Mimi natumia dawa za kila siku, tangu nianze ni miezi miwili na nusu. Sasa nimetoka mabaka kwenye viwiko na magoti, yana magamba meupe, na kichwani kama mba nzito. Jirani anasema dawa zimenikataa. Niache?”

Kwa wasikilizaji wetu wengi “dawa za kila siku” haihitaji kufafanuliwa. Ni ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Watu huku hawapendi kuzitaja kwa jina kwenye simu ambayo shemeji anaweza kuishika wakati wowote.

Sikumjibu hewani usiku ule. Mimi ni mtangazaji, si daktari, na swali la “niache?” halijibiwi kwa kubahatisha huku wimbo unasubiri kupigwa. Nilimwandikia jambo moja tu: usiache chochote mpaka uonane na mhudumu wako wa kliniki. Halafu nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyakuta yamezidi swali lake, ndiyo maana nayaandika hapa badala ya kuyabana kwenye dakika tatu za redio.

Kwa kifupi ni hivi. Dawa inayogusa kinga ya mwili, iwe inaishusha, inaipandisha au inairudisha, inaweza kwa baadhi ya watu kuamsha ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Jambo hili madaktari wanalijua. Lakini si kila baka linalotoka ukiwa kwenye dawa limeletwa na dawa, na mara nyingi kuiacha dawa ghafla kunaleta balaa kubwa kuliko baka lenyewe.

Soriasisi ni ugonjwa gani

Ngozi yetu hujibadilisha yenyewe. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole hadi juu, hukauka na kupukutika bila sisi kuona. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, chembe hizo hukimbizwa kama gari lisilo na breki kwenye mteremko: safari ya mwezi inamalizika kwa siku 3 hadi 7. Chembe zinafika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, na hapo ndipo unapoona baka lililoinuka lenye magamba meupe au ya rangi ya fedha. Sehemu zinazopendwa ni viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma na kichwani. Kucha nazo zinaweza kuwa na vitobo vidogo vidogo kama zimechomwa sindano. Baadhi ya wagonjwa huvimba na kuuma viungo, hasa vidole, na hilo likitokea ni la kuwahi hospitali kwa sababu viungo vinaweza kuharibika moja kwa moja.

Vitabu vingi vya afya huonyesha picha za soriasisi kwenye ngozi ya Mzungu, na baka pale ni jekundu kama nyanya. Kwenye ngozi yetu nyeusi halionekani hivyo. Baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, na likipona huacha doa jeusi au jeupe kwa miezi mingi. Hii ni sababu mojawapo ya ugonjwa huu kupewa majina ya magonjwa mengine. Wengine huuita choa, wengine pumu ya ngozi, na ukiwa kichwani mwa mtoto basi ni mapunye. Wapo pia wanaoogopa kuwa ni ukoma. Kwa huo wa mwisho kuna jambo la kujiangalia nyumbani: baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, ukiligusa na unyoya husikii. La soriasisi unasikia, na mara nyingi linawasha. Hata hivyo kipimo cha unyoya hakitoshi, mhudumu wa afya ndiye wa kuamua.

Na jambo ambalo ningependa jirani wa yule dada alisikie: soriasisi haiambukizi. Haiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kuchangia taulo au kunyonyesha. Aliyemtenga mwenzake kwenye ngoma ya kijiji kwa sababu ya magamba amemwonea.

Huku milimani kuna jambo jingine la pembeni. Soriasisi ya watu wengi huchachamaa wakati wa baridi na hupungua wakipata jua kiasi. Nyandira na Tchenzema mwezi Juni na Julai watu wanashinda na masweta, ukungu haujaondoka saa nne asubuhi. Ngozi inakosa jua, inakauka, na sweta inaficha mabaka kiasi kwamba hata mke anaweza asijue mumewe anaumwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu ugonjwa huu mwaka 2016, miaka miwili baada ya nchi wanachama kupitisha azimio la kuutambua kama tatizo la kweli la afya. Ripoti ile inasema idadi ya wagonjwa inatofautiana kati ya nchi na nchi, kutoka asilimia 0.09 hadi zaidi ya asilimia 11. Ile ya juu ni ya Norway. Ile ya chini kuliko zote ni ya Tanzania, kutoka kwenye uchunguzi wa ngozi wa vijijini uliochapishwa mwaka 1996. Ukipiga hesabu, ni kama mtu mmoja kati ya watu 1,100.

Mimi takwimu hiyo naisoma kwa tahadhari. Ni kweli kwamba soriasisi inarithiwa kwa sehemu na kwamba Waafrika wengi wanaupata kwa uchache kuliko watu wa Ulaya ya kaskazini. Lakini hesabu ya vijiji vichache haiwezi kusimama kwa nchi nzima milele, tena ni hesabu ya wakati ambapo dawa nyingi nitakazozitaja hapa chini hazijafika kwetu. Hatari yake ni kwamba mhudumu akishaambiwa ugonjwa huu “hauko kwetu”, hata ukimkalia mbele hatauona.

Kinga inapompiga mwenye nyumba

Wanaokumbuka sungusungu wa vijiji watanielewa haraka. Kazi yao ni kukamata wezi usiku. Kuna siku wanakosea, wanamkamata mwenye nyumba aliyetoka kujisaidia na kumpa kipigo akidhaniwa mwizi. Soriasisi iko hivyo. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wanaivamia ngozi isiyo na kosa. Wanapigiana filimbi kwa kutumia kemikali za mwilini, ngozi inavimba na kuanza kuzaliana kwa pupa. Mtu anazaliwa na uwezekano huo ndani ya ukoo wake, kisha kitu fulani kinauamsha: maambukizi ya koo, jeraha, pombe nyingi, msongo wa mawazo, au dawa.

Ndiyo maana mtu akikuuliza “dawa ya kinga inawezaje kuleta ugonjwa wa ngozi?” jibu ni kwamba ugonjwa wenyewe ni wa kinga. Ngozi ni mahali tu unapojionyesha.

Sasa kuna dawa zinazowapunguza sungusungu, dawa zinazowaachia huru, na dawa zinazowarudisha kazini baada ya kuwa wametawanyika. Kila kundi lina njia yake ya kuigusa ngozi.

ARV: askari wanaporudi kambini

Hapa ndipo alipo dada yetu wa Mgeta, na wengi wengine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wanaishi na VVU. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayepimwa na kukutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Kwa hiyo karibu kila kijiji cha Uluguru kina watu ambao kinga zao ziko kwenye safari ya kurudi.

Jambo la kwanza linashangaza. Virusi vya UKIMWI vinaua askari wa mwili, kwa hiyo ungetegemea ugonjwa unaotokana na ukali wa askari upungue. Kumbe kwa wengi unaongezeka. Virusi haviui askari wote sawasawa: vinawamaliza zaidi wale wa CD4, ambao baadhi yao kazi yao ni kuwatuliza wenzao, na wanabaki wale wakali wasio na kiongozi. Kwa hiyo kuna watu ambao soriasisi kali iliyotokea ghafla ukubwani ndiyo iliyowafanya wapimwe na kugundua hali zao.

Pili, ARV zenyewe kwa muda mrefu ni tiba nzuri ya soriasisi ya namna hiyo. Virusi vikifubazwa, ngozi ya wengi hutulia. Lakini katikati kuna miezi ya mwanzo ambapo askari wanarudi kambini kwa kishindo. Katika kipindi hicho magonjwa yaliyokuwa yamejificha yanaweza kujitokeza: kifua kikuu kisichojulikana, mkanda wa jeshi, vipele vya kuwasha, na kwa baadhi ya watu soriasisi inalipuka au inaonekana kwa mara ya kwanza. Mtu anaona ameanza dawa, amezidiwa. Hitimisho lake ni jepesi, dawa hazinifai. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachoonekana ni kinga inayoamka.

Kwa hiyo mtu wa miezi miwili na nusu kama dada yetu anaweza kuwa na moja kati ya mambo kadhaa: soriasisi iliyoletwa na virusi kabla ya dawa, soriasisi iliyoamshwa na kinga inayorudi, fangasi wa kawaida, au vipele vya mzio wa dawa. Kwa macho ya jirani vyote ni “mabaka”, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Mzio wa dawa ndio wa kuogopwa, na dalili zake zina sura nyingine. Wanaokumbuka vidonge vya zamani vyenye nevirapini wanakumbuka pia watu waliobabuka ngozi kama waliomwagiwa maji ya moto. Dawa inayotumika zaidi sasa, ile ya kidonge kimoja chenye dolutegraviri iliyoanza kusambazwa nchini mwaka 2019, haina sifa hiyo mbaya kwa kiwango kile, ila Septrin wanayopewa wagonjwa wengi sambamba na ARV inaweza kuleta mzio mkali. Ukiona vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, malengelenge, ngozi inavuka, na homa juu yake, hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki. Ni usiku huo huo, hata kwa bodaboda. Beba na dawa zako zote, ili hospitali ndiyo iamue ipi inasitishwa.

Kuziacha ARV kwa sababu ya magamba ya viwiko ni habari nyingine kabisa. Virusi vinarudi, CD4 zinashuka, na ile soriasisi inarudi ikiwa kali kuliko mwanzo. Nchi hii ina kumbukumbu ya mwaka 2011, foleni za magari zilipokwenda Samunge kule Loliondo, na baadhi ya waliokunywa kikombe wakaweka ARV pembeni. Sina haja ya kufukua mjadala ule. Ninachokumbuka mimi ni watu waliorudi nyumbani na matumaini, na walioanza kuumwa upya baadaye.

Kidonge kinachoponya kwa siku tano

Ujumbe wa pili ulikuja wiki hiyo hiyo, baada ya kusoma wa kwanza. Huu ulitoka kwa kijana wa tarafa ya Matombo, akieleza habari za baba yake. Mzee alikuwa na mabaka ya magamba kwa miaka. Msimu mmoja wa karafuu, hela ikiwepo, akanunua dukani vidonge vidogo vyeupe alivyoambiwa ni vya ngozi. Siku tano mabaka yakafifia. Akasema Mungu mkubwa, dawa nimeipata. Akawa anakula kila siku, miezi minne. Uso ukajaa, watu wakamsifia kanenepa. Msimu ulipokwisha na hela ikakata, akaacha siku moja. Wiki mbili baadaye mwili mzima ulikuwa unawaka, umejaa vijipu vidogo vya usaha, anatetemeka kwa baridi juani. Walimshusha mjini akiwa hajitambui vizuri.

Vidonge vile vilikuwa prednisoloni.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kwa watu wa vijijini naamini hili ndilo kubwa kuliko yote. Prednisoloni na ndugu zake wa jamii ya steroidi ni dawa za kushusha kinga. Zinaokoa maisha ya wenye pumu, wenye mzio mkali, wenye magonjwa ya figo na mengine mengi. Hazina ubaya zikitolewa na anayejua, kwa muda alioupanga. Kwa soriasisi, madaktari wa ngozi hukwepa kuzitoa kwa vidonge au sindano, na sababu ni ile iliyomkuta mzee wa Matombo. Zinawalaza sungusungu wote kwa mpigo. Siku unapoziondoa ghafla wanaamka wote kwa pamoja wakiwa na hasira. Baka lililokuwa kwenye kiwiko linasambaa mwili mzima, na wakati mwingine linageuka soriasisi ya usaha. Ngozi iliyowaka mwili mzima haizuii tena joto, maji wala vijidudu, na mtu anaweza kufa.

Tena kuna hatari ya pili ambayo haihusu ngozi. Mwili unatengeneza steroidi yake wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukiulisha ya dukani kwa miezi, tezi zinalala. Ukikata ghafla, mwili unabaki bila ya kwake na bila ya dukani: udhaifu, kutapika, presha kushuka, kuzimia. Ndiyo sababu anayetumia kwa muda mrefu hushushwa dozi kidogo kidogo na daktari. Kama wewe unayesoma hapa unazitumia kila siku tangu miezi iliyopita, tafadhali usikimbilie kuzitupa leo kwa sababu ya makala haya. Nenda na pakiti yake kituo cha afya, waeleze ukweli wote, pamoja na ulikozinunua.

Steroidi ipo pia kwenye mirija ya kupaka. Mrija wenye dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, unauzwa karibu kila duka la dawa, na watu hupaka chochote kinachowasha. Fangasi ikipakwa steroidi inatulia juu huku ikienea chini kwa chini, na siku inapojitokeza tena haifanani na fangasi wala na kitu kingine, hata mtaalamu anasumbuka kuitambua.

Halafu kuna mkorogo. Akina dada wa mjini na vijijini wanaochanganya krimu za kung’arisha ngozi, nyingi ya krimu hizo zimewekwa klobetasoli, steroidi kali kabisa ya kupaka. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi sasa, ila sote tunajua vinavyopatikana. Anayejipaka mwili mzima kila siku anajishushia kinga ya ngozi, na akiwa na asili ya soriasisi, siku anapoacha anaweza kupata mlipuko ule ule wa mzee wa vidonge. Wengi hurudia kupaka ili kutuliza, na hapo ndipo wanapofungwa. Nimewahi kusikia mtangazaji mwenzangu akiwacheka hewani wanaotumia mkorogo. Sidhani kama kucheka kunasaidia mtu ambaye ngozi yake inamuungua kila akijaribu kuacha.

Klorokwini nayo iguswe kidogo kwa sababu wazee wanaikumbuka. Ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa nchini hadi mwaka 2001. Ule muwasho uliowakesha watu haukuwa soriasisi, ulikuwa muwasho tu. Lakini klorokwini inagusa kinga pia, ndugu yake anatumika hadi leo kutibu magonjwa ya viungo na lupasi, na mwenye soriasisi akiitumia anaweza kuzidiwa. Dawa fulani za presha na za moyo zina tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana ukienda hospitali kwa ajili ya ngozi utaulizwa dawa zote unazotumia, hata zile unazoona hazihusiani.

Dawa mpya ambazo bado ziko mbali na zahanati zetu

Kisa kinachowashangaza zaidi madaktari duniani kinahusu dawa ambazo mkulima wa Kinole huenda hajawahi kuziona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilianza kutumika dawa za kibayolojia zinazozuia kemikali moja ya mwilini iitwayo TNF, ambayo ni mojawapo ya filimbi za sungusungu. Zilikuwa ukombozi kwa wenye baridi yabisi na magonjwa ya utumbo, na zinatibu soriasisi yenyewe. Kisha ripoti zikaanza kuja: watu wanaotumia dawa hizo kwa magonjwa ya viungo au utumbo wanatoka soriasisi ambayo hawakuwahi kuwa nayo, mara nyingi viganjani na kwenye nyayo, ikiwa na usaha. Dawa inayotibu ugonjwa inauleta. Si wengi, makadirio yanayotajwa sana ni watu 2 hadi 5 katika kila 100.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba TNF ilikuwa pia inazuia kemikali nyingine, interferoni. Ukimnyang’anya mlinzi mmoja filimbi, mwenzake aliyekuwa ananyamazishwa naye anaanza kupiga ngoma, na ngozi inacheza. Interferoni inajulikana kwa hili: wagonjwa wa ini waliochomwa sindano zake miaka iliyopita, baadhi yao walitoka soriasisi.

Kuna pia tiba za saratani zinazoondoa breki za kinga ili askari waivamie saratani. Waliogundua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Askari wasio na breki hawachagui, na ngozi, utumbo na tezi hupata kipigo. Soriasisi ni mojawapo ya matokeo.

Kwa nini nizungumzie dawa za bei ambayo shamba zima la ndizi halilipi? Kwa sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza baadhi ya dawa za makundi yote mawili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na nakala za bei nafuu zinaendelea kutengenezwa. Nchi nayo ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Dawa hizi zitakuja, kwanza Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Ocean Road, halafu mgonjwa atarudi nyumbani kwao Kiroka au Bunduki na madhara yatamtokea akiwa huko. Wa kwanza kumwona atakuwa mhudumu wa zahanati. Kwetu kuna jambo zito zaidi ya ngozi: TNF ndiyo inayowafungia vijidudu vya kifua kikuu kilicholala ndani ya mapafu. Ukiizuia, kinaweza kuamka. Katika nchi ambayo watu wengi wamebeba kifua kikuu kilicholala, kupimwa kabla ya kuanza dawa hizo ni lazima.

Katika visa vingi vya soriasisi iliyoletwa na dawa hizi, mgonjwa hutibiwa ngozi huku akiendelea na dawa yake, au anabadilishiwa nyingine. Kusitishwa kabisa ni kwa wachache, na uamuzi unafanywa na aliyemuanzishia.

Uende wapi, useme nini

Njia ni ile ile: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Wataalamu wa ngozi ni wachache. Nchi ina bahati ya kuwa na chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Wahitimu wake wamesambaa mikoani, kwa hiyo ukiandikiwa rufaa uliza kama hospitali unayopelekwa ina mtaalamu wa ngozi na anaonana na wagonjwa siku gani. Nauli ya kutoka Nyandira hadi mjini, kulala na kurudi, si hela ya kupoteza kwa kukuta mlango umefungwa.

Ukifika, usiseme tu “nawashwa”. Sema umeanza dawa gani na lini, umeacha gani na lini, umepaka nini, umekunywa nini cha mganga. Kama unatumia ARV, sema. Ukiona aibu mbele ya watu, omba kuongea pembeni. Piga picha ya mabaka kwa simu siku yalipoanza, kwa sababu yanabadilika, na ngozi uliyopaka mafuta njiani haionyeshi kitu.

Matibabu ya soriasisi ya kawaida mengi si ya gharama: mafuta ya mgando kwa wingi ili ngozi isikauke, marhamu ya kulainisha magamba, steroidi ya kupaka kwa muda uliopangwa, jua kiasi. Kwa walioenea sana kuna methotreksati, nayo ni ya kushusha kinga, na inataka nidhamu ya pekee. Kwa soriasisi hutumiwa mara moja kwa wiki. Wapo waliokufa duniani kwa kuimeza kila siku kwa kutoelewa maelekezo. Haiendi na ujauzito, haiendi na pombe, hata ile ya kienyeji tunayoiona ni chakula, na damu hupimwa mara kwa mara.

Na kama dawa imekudhuru, au unahisi hivyo, mwambie mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hiyo ndiyo taarifa rasmi ya madhara ya dawa. Wahudumu wengi wana kazi nyingi na wagonjwa wengi hawajui kuwa fomu hiyo ipo, kwa hiyo matukio ya vijijini yanabaki kuwa hadithi za kijiweni. Ile hesabu ya mtu mmoja kati ya 1,100 haitabadilika kwa hadithi za kijiweni.

Mzee wa Matombo alilazwa wiki tatu na karibu nusu. Kijana wake anasema sasa anapaka mafuta na anameza dawa ya mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya misa, ili asisahau siku. Pombe ameacha kwa shingo upande.

Dada wa Mgeta alikwenda kliniki yake siku ya tarehe yake, na alimwonyesha mhudumu picha alizopiga kwa simu. Hakuachishwa dawa. Alitibiwa ngozi, na akaandikiwa rufaa kwa ajili ya kichwa. Ujumbe wake wa mwisho ulikuja juzi: “Viwiko vimelainika. Magoti bado. Jirani nimempa namba yenu, naye ana mrija anaupaka tangu mwaka jana.”